Nani Astahiliye Kuitwa Bwana? Majina ya Heshima Katika Darasa la Kiswahili

Kila afundishaye lugha hufundisha adabu pia, apende asipende. Mwanafunzi akimwambia mzee "nipe maji" pahali pa "naomba maji", sarufi yake haina kosa: kitenzi ni sahihi na nomino imekaa mahali pake. Hata hivyo mzee atageuza uso, na kila aliyesikia atajua kwamba jambo limeharibika. Ni dhahiri basi kwamba ndani ya lugha mna sheria nyingine isiyoandikwa katika masomo ya ngeli, nayo ni sheria ya nani humwambia nani neno gani. Sehemu kubwa ya sheria hiyo imo katika majina ya heshima: bwana, bibi, mzee, mama, mwalimu, shehe, mheshimiwa, afande, ndugu.

Swali tunalotaka kulijadili katika kurasa hizi ni la maadili. Je, jina la heshima ni mali ya mtu, au ni amana aliyokabidhiwa na wenzake? Tukimfundisha mtoto kumwita mwingine "bwana", tunamfundisha uungwana au tunamfundisha kuinama? Na je, mwalimu anaruhusiwa kufundisha majina yaliyokua katika jamii zilizokuwa na mabwana na watumwa, bila ya kusema neno lolote juu ya hao watumwa?

Tunauliza haya tukiwa Rejaf, mji mdogo ulio kando ya Mto Naili, kusini ya Juba, chini ya kilima kilichochongoka ambacho wasafiri wengi wa karne ya 19 walikitaja katika maandishi yao. Jina la Rejaf si geni kwa wanaosoma historia ya lugha. Hapa ndipo ulipofanyika, Aprili 1928, Mkutano wa Lugha wa Rejaf, ambao ulikutanisha wakuu wa serikali ya kikoloni, wamisionari, na mtaalamu wa lugha za Kiafrika, Diedrich Westermann. Mkutano ulichagua lugha zitakazofundishiwa katika madarasa ya mwanzo. Miongoni mwake zilikuwamo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluk, Kizande na Kilotuko. Kiswahili hakikuwamo. Kilipata mlango rasmi miaka 88 baadaye, Sudani Kusini ilipotia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 15, 2016. Kwa hiyo mwanafunzi wa Rejaf akipokea Kiswahili leo, hapokei lugha ya kwanza wala ya pili. Huwa tayari ana lugha ya kwao, ana Kiarabu cha Juba cha sokoni, ana Kiingereza cha ofisini. Kila moja ya lugha hizo imekwisha kumfundisha ni nani wa kuheshimiwa na kwa neno gani.

Yafaa pia tukumbuke jambo moja lililotukia baada ya mkutano ule. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitangaza Sera ya Kusini, iliyokusudia kupunguza katika eneo hili lugha ya Kiarabu pamoja na desturi na majina yake. Walakini nenda leo sokoni Juba, umsikilize mtu akimtaja mkuu wa kijiji chake kwa Kiarabu cha Juba: atasema "sultan". Sera imekufa, jina limebaki. Kwa mfano huo tunaona kwamba majina ya heshima hayaondoki kwa amri, na bila shaka hayaingii kwa amri pia.

Mji wa kale darasani

Mojawapo ya njia zinazofaa sana katika kufundisha mazungumzo ni mchezo wa kuigiza ambao wanafunzi hugawiwa nafasi za watu wa mji mmoja, kila mtu na cheo chake, kisha hutakiwa kusalimiana, kununua na kuuza, kuomba radhi, kupeleka mashtaka na kupokea wageni. Mwalimu anaweza kutunga mji wa kubuni wenye wafalme na walinzi. Lakini sisi tuna mji wa kweli uliotimia kwa kazi hiyo, nao ni Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta wa Tanja aliipitia pwani yetu.

Pwani ile ilikuwa makutano ya watu wengi. Huko Mogadishu, asema Ibn Battuta, mtawala alisema lugha ya kwao lakini alikijua Kiarabu, na kadhi wake alikuwa mtu wa asili ya Misri. Tena watu wa mji ule hawakumwita mtawala wao "sultani", ila "shehe". Katika mji wa Kilwa mtawala alikuwa Hasan bin Sulaiman, na masharifu walimjia kutoka Hijazi na Iraki kwa sababu ya ukarimu wake. Ongezeni hapo manahodha, ambao jina lao limetoka katika Kiajemi kwa maana ya mkuu wa chombo. Ongezeni mafundi wa mawe na wa mbao, wavuvi, wakulima wa bara, na akina mama wenye nyumba waitwao kwa heshima "mwana". Hatudai kwamba watu wa Kilwa wa wakati huo walitamka maneno yote kama tuyatamkavyo sisi. Tunachosema ni kwamba katika mji wa namna ile hapana mtu angeweza kuishi siku moja bila ya kujua amwite nani jina gani. Mwanafunzi aliyepewa nafasi ya mvuvi na kutakiwa kumshtaki nahodha mbele ya kadhi atajifunza kwa saa moja yale ambayo kitabu hakiwezi kumpa kwa mwezi.

Cheo kisichotafsirika

Mara mchezo unapoanza, darasa la Rejaf huleta ghala lake lenyewe la vyeo. Mdinka ana neno "beny", Mnuer ana "kuaar", Mzande ana "gbia", Mshiluk ana "reth", Mwacholi ana "rwot", na Mbari, ambaye ndiye mwenyeji wa hapa, ana "matat". Ni rahisi kwa mwalimu mwenye haraka kuyaandika yote ubaoni na mbele yake kuandika neno moja, "mfalme" au "chifu". Akifanya hivyo ameokoa dakika tano na kupoteza somo.

Maana vyeo hivyo havifanani. Reth wa Washiluk ni mfalme hasa, mmoja kwa taifa zima. Gbia wa Wazande alitoka katika ukoo wa watawala, Wavongara. Lakini kuaar muon wa Wanuer, ambaye wazungu walimwita mkuu wa ngozi ya chui, hakuwa na jeshi wala hakuwa na uwezo wa kumwamuru mtu. Kazi yake ilikuwa kusuluhisha. Mtu aliyemwaga damu alikimbilia nyumbani kwake, na hapo alikuwa salama mpaka ng'ombe wa fidia walipopatikana na ndugu za marehemu wakakubali. Beny bith wa Wadinka ni mwenye mkuki mtakatifu, na nguvu yake ni ya maombi. Ukiwaita wote "mfalme" umewavika kilemba wasichokijua, na umemfanya mtoto aamini kwamba heshima yote duniani ni heshima ya amri.

Kuna mfano mwingine ambao hutufurahisha sisi tunaofundisha hapa. Kiswahili kina "mwenye", na pwani ya zamani ilikuwa na "mwinyi", neno lililokuwa jina la watawala; wa mwisho wa kisiwa cha Unguja, walioketi Dunga hadi karne ya 19, waliitwa Mwinyi Mkuu. Kibari nacho kina "monye", yaani baba au mwenye kitu, na "monye kak" ni baba wa ardhi. Mfanano wa sauti usitudanganye, kwa sababu lugha hizi si za ukoo mmoja. Mfanano wa fikira, hata hivyo, ni wa kweli: kwa wote wawili, mkuu ni mwenye kitu. Hapo ndipo panapozuka swali la maana: mwenye kitu ni yule anayekila, au ni yule anayekitunza?

Majirani wa Wabari wamelijibu swali hilo kwa namna ya kupendeza. Kwa Walotuko na makabila kadhaa ya mashariki ya Naili, wako "monyomiji", maana yake wenye kijiji. Cheo hicho hakishikwi na mtu mmoja. Hushikwa na rika zima la watu wazima, ambao hukabidhiwa kijiji kwa sherehe, hukilinda na kukiamulia kwa miaka kadhaa, kisha hukiachia rika linalofuata. Njaa ikija, au adui akipita, wanaoulizwa ni wao. Wenye kijiji ndio wenye kudaiwa na kijiji. Watanzania nao wana usemi kwamba cheo ni dhamana, na fikira ni ileile.

Jina lililozunguka dunia

Pengine mtu atasema: yote ni sawa, lakini majina ya Kiswahili ni ya kigeni hapa, kwa nini watu wa Rejaf wayabebe? Tumjibu kwa neno moja, "afande".

Askari wa Kenya na Tanzania humwita mkubwa wake afande, na raia naye humwita askari hivyo anapotaka mambo yaende kwa upole. Neno hili lilianza kwa Wayunani, kwa maana ya bwana mwenye mamlaka. Waturuki walilichukua wakalifanya "efendi", wakalipa watu wenye elimu na vyeo. Likashuka Misri, na kutoka Misri likapanda Naili pamoja na majeshi ya karne ya 19 mpaka huku kwetu. Askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha katika nchi hizi waliingia Uganda, na tangu 1891 wengi wao walichukuliwa katika utumishi wa Waingereza. Wajukuu wao ni Wanubi, ambao lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Wajerumani pia waliajiri askari wa Kisudani walipojenga jeshi lao la Afrika ya Mashariki. Kwa njia hizo neno likaingia katika kambi, na kutoka katika kambi likaingia katika Kiswahili. Leo kijana wa Rejaf anafundishwa "afande" kama neno geni la Kiswahili, kumbe lilipita kwao likienda.

Hapana taifa liwezalo kusema kwamba jina la heshima ni lake peke yake tangu mwanzo. Majina haya ni kama sarafu: huchongwa mahali pamoja, hutumika mahali pengine, na mkono wa mwisho ulioishika ndio unaoamua itanunua nini.

Je, tuyafute yote?

Wako waliofikiri kwamba dawa ya majina ya mabwana ni kuyafuta na kuweka jina moja kwa watu wote. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno "ndugu" lilikuwa wito wa kila mtu, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi Rais. Nchini Zaire, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mobutu iliamuru watu waitane kwa neno la Kifaransa lenye maana ya raia, na kuacha yale ya bwana na bibi. Nia ya kuwafanya watu walingane ni nia njema, nasi hatuidharau. Neno "ndugu" lilimpa karani mdogo ujasiri wa kumtazama mkubwa wake usoni, jambo ambalo "bwana mkubwa" halikuwahi kumpa.

Pamoja na hayo, tuseme kweli. Mtu anaweza kusema "Ndugu Katibu" huku magoti yakitetemeka. Naye raia wa Zaire aliitwa raia kila siku, na hakuwa na nafasi ya kumwondoa yule aliyeamuru aitwe hivyo. Miaka ya 1990 ilipofika, "mheshimiwa" alikuwa amerudi Tanzania kwa kishindo, na neno lile la Zaire likaachwa. Jambo la kufikiri ni kwamba katika miaka yote hiyo, Watanzania waliendelea kumwita Julius Nyerere jina ambalo hapana azimio lililompa: Mwalimu. Alilipata kwa kazi aliyoifanya Tabora na Pugu, akalibeba Ikulu, akatoka nalo 1985, na watu wakaendelea kumwita hivyo hata baada ya kifo chake 1999. Kufuta majina basi si jawabu, na kuyatunza yote pia si jawabu. Tunahitaji kipimo cha kutofautisha heshima na utumwa, kwa kuwa wahenga wamekwisha kutuambia kwamba heshima si utumwa, bali hawakutuachia mizani.

Kipimo cha jawabu

Sisi tunaona kwamba kipimo hicho kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Angalieni maneno ya adabu ya kila siku, mtaona kwamba karibu yote huenda mawili mawili. Hodi hungoja karibu. Na ole wake apigaye hodi akaingia kabla ya kujibiwa. Hujambo hujibiwa sijambo. Mwenye kupewa pole hushukuru. Mtu akiitwa huitika, mwanamume kwa "naam" na mwanamke kwa "abee". Na shikamoo, ambayo husemekana maana yake ya asili ni kushika miguu ya mkubwa, haikamiliki mpaka mkubwa aseme marahaba.

Wengine husema kwamba shikamoo ni salamu ya utumwa na ya kuachwa. Wangekuwa na haki kama ingekuwa na upande mmoja. Lakini mzee aliyesalimiwa shikamoo akanyamaza amefanya kosa kubwa kuliko mtoto aliyesahau kusalimu, na kila Mswahili analijua hilo. Marahaba ni kukubali deni: umeniheshimu, basi nitakuwa mkubwa kwako, nitakuonya na kukulinda. Aidha, shikamoo hufuata umri kabla ya cheo. Hapa Rejaf watu wazima wengi huja kujifunza Kiswahili kwa walimu walio wadogo kwao. Katika darasa kama hilo ni mwalimu anayepaswa kumwamkia mwanafunzi wake mzee, na mzee huitikia marahaba kabla ya kufungua daftari. Desturi inayomwinamisha mwenye chaki mbele ya asiyejua kusoma si desturi ya mabwana.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: jina la heshima ni halali pale ambapo anayeitwa analazimika kujibu na anayeita ana haki ya kujibiwa. Pasipo jawabu, jina hilo ni nira.

Wale waliogawiwa

Sasa turudi Kilwa, kwani kipimo kisichojaribiwa ni maneno tu. Sultani Hasan alikuwa na lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia aliyoyaona yeye mwenyewe. Siku moja ya Ijumaa, Sultani akitoka msikitini, fukara mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akarudi, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazitwaa nguo zile kutoka kwa fukara na kumpa badala yake watumwa 10. Sultani alipopata habari ya sifa za watu, akaamuru fukara aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kinafaa mno kwa kuigizwa: kina mfalme, mtoto wa mfalme, mgeni, umati na msikiti. Kina pia watu 20. Mfalme ana jina na lakabu. Fukara hana jina, lakini ana nafasi ya kusema, na neno lake linajibiwa kwa hisani. Wale 20 hawana jina, hawana neno, na wamehesabiwa pamoja na pembe. Ukarimu uliompa Sultani jina lake la heshima umelipwa kwa miili yao. Tukilitia jina la Abu al-Mawahib katika mizani yetu, tunaona kwamba lina jawabu kwa masharifu na mafukara, na halina jawabu lolote kwa wale waliotolewa.

Mwalimu afanye nini? Kuna wanaoona kwamba watumwa waachwe nje ya mchezo, ili tusiwaumize watoto. Hoja hii si ndogo katika nchi hii. Kuanzia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum walifika mpaka Gondokoro, karibu na Juba, na watu wakachukuliwa. Neno la Kiarabu "abid", yaani watumwa, liliendelea kuwa tusi walilotupiwa watu wa kusini kwa miaka mingi, na makovu yake yalikuwapo bado nchi ilipojitawala Julai 9, 2011. Tena tusijisingizie kwamba ubaya ulitoka nje tu. Wabari wa kale wenyewe waliwatenga watu huru, "lui", na watu wa kutumikia, "dupi". Na tangu vita vya Desemba 2013, katika darasa moja wamo watoto ambao wazazi wao walikuwa pande mbili. Mtoto akipewa nafasi ya mtumwa saa nne, huenda akaitwa hivyo njiani saa nane.

Hata hivyo tunaona kwamba kuwaficha ni kuwagawa mara ya pili. Mji wa kale ukionyeshwa wenye mabwana tu, kila mtoto atatamani kuwa bwana, wala hapana atakayeuliza bwana huyo alisimama juu ya mgongo wa nani. Wengine watasema kwamba kuwapa watumwa maneno ni kudanganya, kwa kuwa historia haikuyaandika. Ni kweli msafiri hakuyaandika. Lakini kutoandikwa si kunyamaza, nasi tunao ushahidi wake.

Ushahidi wenyewe ni neno "mwungwana". Pwani lilikuwa jina la mtu huru, mwenye asili na mji, kinyume cha mtumwa. Katika karne ya 19 misafara ilipokuwa ikienda bara, wapagazi na askari wake wengi walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Walipovuka mipaka ya nchi za mabwana zao, walijiita waungwana. Hapana aliyewapa jina hilo, walilitwaa. Stanley aliposafiri kutoka pwani hadi mdomo wa Mto Kongo, 1874 hadi 1877, aliwaita watu wake kwa jina hilohilo walilojipa. Mashariki ya Kongo lugha yao iliitwa Kingwana, na mamilioni ya watu wa nchi hiyo, majirani zetu wa kusini magharibi, wanasema Kiswahili ambacho chanzo chake ni hao. Lugha nzima imechukua jina la heshima lililotwaliwa na wale walionyimwa. Na leo tukisema mwungwana hatuulizi nasaba ya mtu. Tunatazama mwenendo wake, kama usemavyo usemi kwamba mwungwana ni kitendo. Maana hiyo mpya imewezekana kwa sababu watu wasiostahili, kwa hesabu za mabwana, walijibu bila ya kuulizwa. Walifanya makosa yao pia, kwani waungwana wa misafara waliwaita watu wa bara washenzi. Aliyepanda ngazi alisahau mara moja walio chini. Jambo hili nalo lifundishwe.

Mashauri kwa walimu

Kwanza, vyeo vya makabila visitafsiriwe kwa neno moja. Kila mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili kazi ya mwenye cheo hicho: hulinda nini, hudaiwa nini, huondolewa kwa kosa gani. Maelezo hayo ni zoezi la insha lisilo na kifani.

Pili, kila jina la heshima lifundishwe pamoja na jawabu lake, wala lisifundishwe peke yake. Anayejifunza shikamoo bila ya marahaba amejifunza nusu ya neno.

Tatu, katika mchezo wa mji wa kale nafasi zipigiwe kura na kubadilishwa kila siku, ili asiwepo mtoto wa kabila moja anayekaa kitini siku zote. Nafasi ya mtu aliyegawiwa aianze mwalimu mwenyewe. Na yeyote aichukuaye apewe jina, aulizwe ametoka wapi, na awe na maneno yake mbele ya Sultani. Darasa ndilo limtungie Sultani jawabu. Likishindwa kutunga, kushindwa huko nako ni somo.

Nne, maneno "mshenzi" na "mtumwa", na lile tusi la Kiarabu, yaelezwe wazi historia yake, lakini yasiwe sehemu ya maneno ya kuchezea.

Walimu wenzetu wa Arua, Bunia, Kigoma na Lamu wana mizani zao, na huenda kipimo chetu cha jawabu kikapungua mahali ambapo wao wanapaona vizuri zaidi. Tungependa hasa kujua wanamwitaje mwanafunzi mzee kuliko mwalimu, na wao wenyewe huitwaje na mwanafunzi huyo. Watuandikie, na majibu yao yajadiliwe katika kurasa hizi.